Maneno Yasiyo na Mwenyewe

Mize Shamte alikuwa mwanamke wa maneno, na maneno yake aliyaweka sandukuni. Sanduku lenyewe la bati, la kijani, lilitoka naye Ng'ambo ya Unguja, na sasa lilikaa chini ya dirisha la chumba cha kulala huko Greenbelt, Maryland, limeshiba kanga mpaka kifuniko hakifungi ila ukikikalia. Wanawake wengine hununua kanga kwa rangi. Mize alinunua kwa usemi, na rangi alimwachia Mungu. Ukimpa kanga ya kupendeza yenye maneno ya upole, angekushukuru kwa heshima zote, kisha akaenda kuifanya pazia.

Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wakongwe katika nyumba moja ya kulelea wazee: kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kuwalisha, na kusikiliza habari za wajukuu wasiokuja. Zamu yake ilianza mchana ikaisha wakati watu wanalala. Kazini alivaa nguo nyeupe zisizosema kitu, na hilo lilimchosha kuliko kunyanyua wazee. Akirudi nyumbani alifungua sanduku kwanza, akajifunga kitu chenye kauli, ndipo akahisi amefika. Mumewe Othman, aliyekuwa akiegesha magari ya wakubwa katika gereji moja ya chini ya ardhi mjini Washington, alikuwa mume mwerevu. Kabla hajauliza chakula kiko wapi, alisoma kwanza kiunoni mwa mkewe.

Walikuwa na mtoto mmoja, Time, msichana wa miaka kumi na mitatu. Alipewa jina la bibi yake, jina la heshima huko pwani, lakini walimu waliliona limeandikwa wakalisoma Kiingereza chao, wakamwita kana kwamba ni saa ya ukutani. Mize alikwenda shuleni kuwasahihisha. Walimsikiliza kwa adabu, wakatikisa vichwa, wakaendelea vilevile. Mtoto mwenyewe hata hakujali. Saa kweli alikuwa nayo, ya plastiki, ya tarakimu, iliayo kila saa ikitimia kama kifaranga kilichopotelewa na mama, na kwa ajili ya saa hiyo mama na mwana hawakuelewana hata siku moja. Mize akisema saa kumi na moja uwe umeshaoga, Time alitazama tarakimu zake akajibu kwa Kiingereza kwamba kumi na moja imepita tangu asubuhi. Saa ya mishale iliyokuwa sebuleni aliitazama kama mtu anavyotazama picha ya marehemu asiyemjua.

Ndivyo walivyokuwa watoto wa miaka ile ya themanini, na msinidanganye kwamba wenu walikuwa tofauti. Saba mara nane mpaka kikokotoo kitafutwe, na betri zikiisha basi hesabu nazo zimekwisha. Lakini video ya sebuleni, ambayo saa yake ilikuwa imekwama ikimpepesea Othman saa sita ya usiku mwaka mzima, Time aliinyamazisha kwa kidole kimoja huku anakula. Kiswahili alikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza. Mgeni aliyekaa kati ya mama na mwana angedhani anasikiliza redio mbili.

Kisha ikaja kompyuta. Jirani mmoja aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa anga, pale pale Greenbelt, alinunua mpya, na ya zamani akawapa kwa bei ya kutupa. Haikuwa na sura. Ilikuwa vibonye tu, unaviunganisha na televisheni, na akili yake iliwekwa kwenye kaseti, kaseti hizi hizi za muziki. Siku moja Mize aliweka kaseti yake ya taarabu kwenye redio, akajiegemeza apate kuburudika, ikatoka sauti ya panya waliofungiwa kwenye debe. Alidhani redio imekufa. Kumbe Time amerekodi programu yake juu ya taarabu, upande wa kwanza wote, na alipoulizwa alishangaa kwa dhati ya moyo. Alisema upande wa pili bado upo.

Mize aligomba, lakini hakugomba sana, kwa sababu lilikuwapo jambo lililomkaa kooni. Mtoto alirudi shule akajifungulia mlango mwenyewe, kwa ufunguo uliofungwa shingoni kwa kamba ya kiatu, na mpaka baba yake aje jioni alikuwa peke yake na kile kidubwana. Mama alikuwa akiwageuza wazee wa watu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wamesema, lakini waliosema hivyo hawakufanya kazi zamu ya mchana.

Sasa tumlete Kijakazi. Huyu alikuwa shoga yake Mize, mtu wa Mombasa, mtaa wa Kuze, akikaa Oxon Hill na mumewe na wanawe wawili. Walikutana zamani kwenye kituo cha basi, katika baridi iliyowakuta wote wageni, kila mmoja amejitanda nguo ya kwao juu ya koti, na kila mmoja alimsoma mwenzake kabla hajamsalimu. Ubishi wao mkubwa ulikuwa kwamba Mize alisema kanga na Kijakazi alisema leso, na kila mmoja aliona mwenziwe kafundishwa vibaya. Mize alipojifungua, Kijakazi ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto arubaini nzima, akija kwa basi na chupa yake ya mafuta ya nazi kwenye mkoba. Nchi ya ugenini, mtu aliyekukanda si rafiki tena. Huyo ni mama yako aliyechelewa kuzaliwa.

Ugomvi ulizuka kwenye futari, Ramadhani ya mwaka ule, nyumbani kwa Kijakazi. Time alikuwa amekaa pembeni na kijimchezo cha betri kinachoenea kiganjani, vidole vinakimbia. Kijakazi akapita na bakuli la kaimati, akasimama, akamsalimu yeye kwanza, mkubwa kumsalimu mdogo, ambayo kwa watu wetu ni namna ya kumfinya mtoto bila kumgusa. Time akajibu "Hi" bila kuinua macho. Hapo Kijakazi, mbele ya wanawake wote, akasema, "Mize, huyu mwanao kalelewa na umeme."

Wanawake wakacheka. Mize naye akacheka, kwa meno. Neno lilimwingia mpaka kwenye mfupa, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu wana wa Kijakazi wenyewe walikuwa chumbani wakati ule ule, wameikodolea macho televisheni, wanapigana na visahani vya angani. Angeweza kusema hayo. Angeweza kusema pia kwamba amechoka. Badala yake alirudi nyumbani, akafungua sanduku.

Siku ya Idi alitokea amejifunga *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake*. Alipita mbele ya Kijakazi polepole, kisha akapita tena, kwa faida ya wasiosoma haraka. Kwenye harusi iliyofuata Kijakazi akajibu: *Kuzaa si kazi, kazi kulea*. Mize aliisoma hiyo akaenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi akala pilau. Kwenye akika ya mtoto wa mtu akaja na *Sina siri nina jibu*. Ikawa shughuli haikosi wageni, kwa maana wanawake wa Maryland na Virginia walikuja kusoma. Wawili wenyewe hawakusemezana. Simu haikupigwa, salamu haikuletwa. Tangu Ramadhani mpaka majani yakaanza kuwa mekundu, walizungumza kwa pamba tu.

Katikati ya vita hivyo, Jumamosi moja, Time aliingia chumbani kwa mama yake akiwa na shida. Mwalimu amewaambia watengeneze programu ya kuchagua kitu chochote kutoka katika vitu vingi. Wenzake wameweka majina ya wachezaji mpira na ya nyimbo, naye hana vitu vingi. Akatazama huku na huku. Macho yakatua kwenye sanduku.

Mize hakuamini bahati yake. Waliliburuta mpaka sebuleni penye televisheni wakaketi, mama sakafuni akifunua kanga moja moja na kuisoma kwa sauti, mwana kwenye kochi akigonga vibonye, na mchana ule ulikuwa mtamu kuliko siku nyingi walizopata pamoja. Tabu ni kwamba kwa Mize kanga haisomwi ikaachwa. Kila moja ilikuwa na mtu wake. Hii aliivaa bibi yako siku wifi yake alipokuja kudai sufuria, hii ilivunja ndoa ya watu Kikwajuni, hii usiivae kabisa mbele ya wakwe. Time alisubiri vidole vikiwa hewani, kisha akasema kwa upole, "Okay, Mama. Next."

Next, next, mpaka sanduku likabaki na naftalini. Time akabonyeza, na katikati ya kioo ukatokea usemi mmoja: *Sisi sote abiria, dereva ni Mungu*. Mize akafurahi. Akauliza anaambiwa nani. Time akasema haambiwi mtu, mashine imejichagulia tu, akaeleza kwa Kiingereza kirefu namna inavyochagua bila kujua inachochagua. Mize alielewa maneno yote na hakuelewa jambo. Neno likitoka lina lilikotoka na lina liendako, na hilo kwake lilikuwa wazi kama chai kutiwa sukari. Lakini mwanawe alikuwa akicheka, na kwa kicheko kile alikuwa tayari kuacha mengi yapite.

Habari kwamba Kijakazi anahama ililetwa na Bilha. Bilha alikuwa muuguzi pale kazini, Mkenya wa bara, mtu wa Kakamega, na nyumba yake ilikuwa jengo moja na la kina Kijakazi. Alisema mume wa Kijakazi kapata kazi ya ghala huko Columbus, Ohio, wanaondoka wiki ijayo, na majirani watamuaga Jumapili baada ya adhuhuri katika ukumbi mdogo wa jengo. Aliyasema hayo huku anapanga vidonge vya wagonjwa, akidhani Mize anajua.

Mize alikaa kitako kwenye kitanda cha mzee wa watu, na mzee akasogea kumpa nafasi. Kitu kilichomuuma si kuhama. Watu Marekani huhama kama kunguru. Kilichomuuma ni kuambiwa na Bilha. Na tangu saa ile alitaka jambo moja tu duniani, Kijakazi asiondoke wakiwa hawajapatana. Aliporudi nyumbani aliinua simu, akaisikia ikivuma sikioni, akairudisha. Kesho yake vilevile. Kumwambia mtu jambo usoni bila kitambaa kati yenu si kazi nyepesi kwa aliyeizoea njia nyingine.

Basi akageukia njia anayoijua. Alimwambia Bilha kwamba vitumbua vya Jumapili ataleta yeye, na bango la kuaga pia, kisha akafungua sanduku kutafuta kanga ya kuombea radhi. Akatafuta. Akatoa zote, akazimwaga kitandani, akazipindua. Kulikuwa na za kukata, za kuchoma, za kumfanya hasidi akose usingizi. Ya kusema nisamehe hakuna hata moja. Alikuwa amenunua silaha maisha yake yote, na zile za upole, nilishawaambia, zilikuwa madirishani. Ikambidi aamue kwamba Jumapili atavaa dira la maua, lisilo na neno, aende kama mtu aliyeweka kisu mezani. Kijakazi ataona. Kijakazi anajua kusoma hata pasipoandikwa.

Bango alimwachia Time, kwa haraka, mlangoni, koti limeshavaliwa. Alimwambia aandike kitu kizuri cha kumuaga khalati yake. Time akauliza kitu gani. Mize, basi limeshaonekana, akamwambia achague mwenyewe. Na kwa mtoto kama Time, kuchagua mwenyewe kulikuwa na maana moja tu. Alibonyeza. Mashine ikatoa. Time aliutazama usemi uliotoka, akaona una mlio mzuri, akaona ndani yake neno dhahabu, ambalo alilijua kwa sababu ya herini zake, akaridhika. Akaenda kuuchapa kwenye printa ya shule, kwenye karatasi zile ndefu zilizoungana zenye matundu pembeni, kila herufi kubwa kama sinia, akalitia bango ukingo wa rangi ya buluu kwa kalamu kwa mapenzi makubwa, akalikunja likawa kama bomba. Siku ile ya Jumapili lilisafiri hadi Oxon Hill likiwa limeviringwa, na Mize alikuwa ameshika vitumbua.

Wakati Mize yuko jikoni anapanga sahani, Othman alipanda juu ya kiti kulitundika. Alilifungua, akalisoma. Akalisoma tena. Mwanamume mwingine angeshuka kuuliza. Othman, miaka yote aliyokaa katika ndoa, alikuwa amejifunza kwamba mambo ya kanga ni ya wenyewe, na anayeingilia hula baridi. Akalitundika vizuri, lisiende upande.

Kijakazi aliingia na watu wake. Bango lilikuwa refu, limechukua ukuta mzima, hata ilimbidi atembee ili alisome, na kadiri alivyotembea ndivyo hatua zilivyopungua. Wanawake waliokuwa wamekaa walisoma naye, midomo ikichezacheza. *NILIDHANI DHAHABU*, lilisema upande wa mlangoni. Na upande wa dirishani likamalizia: *KUMBE ADHABU*.

Mize akatoka jikoni na sinia la vitumbua mikononi, uso umeandaliwa kwa tabasamu, akakuta watu wamegeuka kumtazama, akainua macho ukutani. Alitaka kusema haraka na hakuna lililotoka ila kwamba si yeye.

"Mize," Kijakazi alisema, na lilikuwa neno la kwanza tangu futari. "Hata siku ya kuondoka kwangu wanitukana?"

Mize alisema kaandika mtoto. Mtoto, ambaye alikuwa akiingia na chupa za soda, alisema kaandika printa na kuchagua imechagua kompyuta. Othman, bado juu ya kiti na tepu mkononi, alisema yeye alidhani ndivyo ilivyotakiwa. Wanawake waligunaguna. Kwa watu hawa unaweza kuwaambia kwamba mwezi umetua Baltimore wakakufikiria, lakini kuwaambia kwamba maneno hayana mwenyewe, hapana. Bilha peke yake, maskini, ambaye kwao bara nguo ni nguo, aliuliza kuna ubaya gani. "Si ni maneno mazuri tu?" alisema. "Hata ina-rhyme."

Kijakazi alimwita Time, akamsimamisha mbele yake, akamuuliza kama hakimu, "Dhahabu ni nini?"

"Gold."

"Na adhabu?"

Time alifikiri. Alimtazama mama yake, akatazama ukuta. Kisha akajaribu bahati yake, akasema labda ni dhahabu nyingine, ndogo.

Kicheko kilipasuka upande wa nyuma, kikasambaa, na hata Kijakazi mdomo ulimponyoka kidogo kabla hajaukamata. Sasa ilijulikana kwamba mtoto hana hatia. Lakini Mize hakucheka. Aibu ilikuwa imempanda kichwani na ilitaka mahali pa kushukia, ikashukia kwa mwanawe. Akamgombeza pale pale, mbele ya watu, kwamba maneno si mapambo ya karatasi. Hayaokotwi tu na mashine na kubandikwa ukutani. Neno huambiwa mtu, na anayelisema humtazama anayemwambia.

Time alisikiliza mpaka mwisho. Macho yalimjaa machozi. Na alipojibu alijibu kwa Kiswahili, mbele ya watu wazima wote wale, kitu ambacho hakikuwahi kutokea.

"Lakini Mama, wewe husemi," alisema. "Wewe unavaa."

Wanawake waliokuja shughuli baada ya shughuli kusoma viuno vya wawili wale walitazama mapaja yao. Mize alisimama na sinia lake. Alihisi amevuliwa nguo, na kweli ilikuwa hivyo, maana lile dira la maua halikuwa na hata herufi moja ya kumsitiri.

Kijakazi alimtazama juu mpaka chini, akalitafuta neno mwilini mwake, asilione.

"Ya mashine nimeyasoma," alisema. "Yako ni yapi?"

Mize akaweka sinia chini. Alisema kwa sauti ndogo, na watu ikabidi wasogee. "Uliposema kalelewa na umeme uliniumiza, Kijakazi. Ni kweli. Mimi niko kazini, mtoto yuko peke yake, na sina la kufanya. Nilitaka uniulize kama nimechoka. Wewe ndiye uliyenikanda, nilitaka uniulize wewe." Akavuta pumzi. "Na sitaki uondoke."

Kijakazi alivuta kiti akakaa. "Nami wangu ni hivyo hivyo," alisema. "Nikiwaita hawanisikii. Nalikucheka wewe nisijicheke mwenyewe."

Wakashikana pale pale, mmoja amekaa na mwingine ameinama, wakalia bila adabu. Mtu mmoja akaanza kugawa vitumbua, kwa kuwa shughuli ni shughuli. Bango halikuteremshwa. Kijakazi mwenyewe alikataa, akasema aliye na bahati huagwa kwa dhahabu na yeye kapata na nyongeza.

Lori la kuhamia lilikuwa linakuja Jumanne. Ndipo Mize alipopiga hesabu na hesabu ikamuuma: miezi waliyoitumia kuzungukana, na siku zilizobaki. Alipiga simu kazini akasema anaumwa, na hakuwa akidanganya sana. Jioni ile na Jumatatu nzima alikaa Oxon Hill akifunga vikombe kwenye magazeti, na walizungumza wakati wote, midomo ikakauka, wakanywa maji, wakaendelea. Walikuwa na harusi nzima nzima za kusimuliana ambazo wote wawili walihudhuria, kila mmoja na upande wake. Mume wa Kijakazi aliwaomba wafunge zaidi na kusema kidogo. Hawakumsikia.

Jumanne asubuhi lori liliwashwa. Kijakazi alikuwa amekaa mbele na wanawe wamebanana naye, na lilipoanza kutoka uwanjani alikumbuka kitu, akashusha kioo, akatoa kichwa. "Mize, sikukwambia lile la..." alisema, na injini ikanguruma, lori likakata kona. Mize alikimbia nyuma yake na ndara zake mpaka barabarani. Alikuwa amechelewa.

Njiani kurudi Greenbelt alilia waziwazi, bila kujifunika, gari likiwa katikati ya magari mengine kwenye barabara kuu ya Beltway. Othman aliendesha kwa adabu. Nyuma, Time, ambaye alinyimwa shule siku ile ili aje kuaga, alikuwa amekaa mikono mitupu. Kisha akainamia mbele akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, lile ambalo khalati hakumaliza lilikuwa lile gani.

Mize alisema hajui. Alitaka kuongeza kwamba hayo ni mambo ya wakubwa, mdomo ukafunguka, ukafunga. Akamwambia Othman asimamishe gari. Othman alisema hapa hapasimamishwi. Mize akarudia, na Othman akasimamisha. Alishuka pembeni mwa barabara, malori yakimpeperushia dira, akafungua mlango wa nyuma, akaingia.

"Sogea," alimwambia mwanawe. "Nikwambie ninayoyajua."